Siku Meneja Alipoketi Mkekani

Jiwe lilishuka kutoka juu, likatoboa bati la chuo cha Kurani cha Bi Mwanatatu, chumba kimoja cha nyumba yake, likaupiga mkeka mahali pale pale wanapokaa watoto wadogo wanaoanza kusoma juzuu, kisha likatulia. Lilikuwa jiwe la matumbawe, jeupe, lenye kingo kali, ukubwa wake kama kichwa cha mtoto. Watoto wenyewe walikuwa uani, wamepanga foleni bombani wakitia udhu na kumwagiana maji, na Bi Mwanatatu alikuwa amesimama mlangoni akiwakemea. Alisikia kishindo cha baruti kutoka timboni kunakochimbwa mawe, kishindo alichokizoea. Mara akasikia bati likipasuka nyuma ya mgongo wake. Alipogeuka na kuona jua limeingia chuoni kupitia mahali lisipoingia siku zote, alikaa pale pale kizingitini.

"Watoto," aliita. Akaita tena, kwa nguvu. "Watoto! Nani hayupo? Jihesabuni!"

Walikuwepo wote. Alhamdulillahi, walikuwepo wote. Lakini usiku ule na siku zilizofuata, kila alipofumba macho Bi Mwanatatu aliona mkeka ule, na juu ya mkeka aliwaona watoto ambao hawakuwa pale.

Mtaa wenyewe unaitwa Kwa Mwinyi Faki, uko upande wa juu wa Mtopanga, na timbo lilikuwepo tangu zamani. Babake Bi Mwanatatu alichimba mawe pale kwa sururu na mtaimbo, jiwe moja moja, na nyumba nyingi za Kisauni zimesimama kwa mawe yale. Hapo hapakuwa na neno. Neno lilianza kampuni ilipokuja na mashine za kutoboa mwamba na kuujaza baruti. Shimo likapanuka, likala mashamba, likasogelea nyumba. Nyufa zikaanza kutambaa ukutani kama mizizi. Vumbi la kokoto likakaa juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya uji wa wagonjwa. Baruti yenyewe haikuwa na saa wala siku: mara alfajiri watu hawajatoka msikitini, mara mchana watoto wa shule wakiwa kwenye mtihani. Hakuna king'ora, hakuna bendera, hakuna mtu wa kukwambia jitoe njiani. Unasikia tu nyumba imeruka nawe ndani.

Wakaazi walilalamika hadi wakachoka. Maafisa walikuja. Walitembezwa, wakaonyeshwa nyufa, wakatingisha vichwa, wakanywa madafu, wakarudi walikotoka. Ndipo likaja lile jiwe.

Kesho yake asubuhi Bi Mwanatatu aliukunja ule mkeka wenye tundu, akaubeba kichwani, akaenda hadi njia inayopitisha malori ya kokoto, akautandika katikati ya barabara na kuketi juu yake. Umri wake ulikuwa umeshavuka sitini, na tangu azaliwe hakuwahi kupiga kelele mbele ya watu. Hata siku ile hakupiga. Aliketi tu, buibui lake limetanda mkekani, tasbihi mkononi. Kufikia adhuhuri wanawake wa mtaa mzima walikuwa wameketi naye, na malori yamejipanga hadi karibu na barabara kuu, madereva wake wakipiga honi halafu wakiacha wenyewe. Polisi walikuja, chifu akaja. Mwisho wa yote ilitoka amri kwamba timbo lisilipue hata punje ya baruti mpaka mkaguzi wa milipuko afike na kutoa uamuzi.

Mkaguzi huyo walimtarajia aje na msafara. Alikuja na tuktuk.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, mfupi, mwenye buti nzito zilizojaa vumbi jekundu la mahali pengine, na begi kubwa la turubai begani. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kila neno analikanyaga kwa uzito ule ule, lakini adabu aliijua.

"Shikamoo, mwalimu. Naitwa Jerioth. Nimetumwa kuhusu timbo."

"Marahaba." Bi Mwanatatu hakuinuka kizingitini alipokuwa ameketi. "Na wewe wataka madafu mangapi?"

Jerioth hakuelewa. Jirani wa Bi Mwanatatu, Nyamvula, mama wa Kidigo asiyejua kuficha kicheko, alicheka hadi akashika mbavu. Bi Mwanatatu akaeleza, kwa upole ulioumiza kuliko matusi: "Mwaja, mwakaa, mwanywa madafu, mwenda zenu. Mimi sina neno nawe, mwanangu. Lakini nakwambia mapema, minazi imekwisha."

"Basi nitakunywa maji yangu," Jerioth alisema, akaipiga-piga chupa iliyokuwa pembeni mwa begi. "Naomba kuona chuo."

Aliingia, akavua buti mlangoni bila kuambiwa. Alilitazama tundu la bati kwa muda mrefu. Akaliomba jiwe, akalipima uzito kiganjani, akasimama penye mkeka kisha akatazama juu kwenye tundu, kisha upande wa timbo, kama mtu anayemfuata ndege kwa macho. Alitoka akazunguka nyumba nzima kwa magoti, akipitisha kidole kwenye kila ufa. Mwisho akauliza swali ambalo hakuna afisa aliyewahi kuliuliza.

"Mwalimu, baruti ikilia, wewe huwa unafanya nini?"

Bi Mwanatatu alikuwa amejiandaa kujibu juu ya kuta na mabati. "Mimi?"

"Wewe mwenyewe. Mwili wako. Unaenda wapi?"

"Nasimama mlangoni hapa," alisema polepole. "Naushika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. Najua siwezi kuizuia nyumba. Lakini naishika." Na machozi, ambayo hayakumtoka barabarani mbele ya polisi, yakamtoka hapo mbele ya mgeni mwenye soksi zilizotoboka.

Jerioth hakumfariji kwa maneno. Alimsogezea chupa yake ya maji. Kisha akasema, "Nataka wailipue baruti tena."

Mara habari zikaenea mtaani kwamba mkaguzi amekuja kuwafungulia kampuni. Bwana Abdulghani, mwenyekiti wa kamati ya wakaazi, mtu wa maneno mengi na vyumba vingi vya kupangisha, alifika akitweta. "Hatukubali! Timbo limefungwa, na lifungwe milele. Huyu ameshanunuliwa!"

"Nisikilizeni kwanza," Jerioth alisema. Alisimama uani, watu wamemzunguka. "Sheria inaniruhusu kuweka kipimo cha mtikisiko ambao nyumba inaweza kuuvumilia. Kipimo hicho kinasomwa na mashine hii." Akaitoa begini, kitu kidogo cha chuma kama mkebe wa chai, chenye waya mrefu. "Kampuni imekuwa ikiiweka langoni mwa ofisi yake, juu ya zege. Kule kila kitu ni kizuri. Mimi nataka kuizika hapa, kando ya msingi wa nyumba hii. Na siwezi kuja kuwawekea sharti juu ya kitu ambacho mimi mwenyewe sijakiona. Watalipua kama walivyozoea, nami nitakuwa ndani."

"Na mawe?" aliuliza Nyamvula.

"Mawe nitayazuia. Mashimo ya baruti yatafunikwa mchanga mzito, na nitayakagua moja moja kabla sijaondoka timboni. Watoto wote watakwenda shule ya msingi kule mbali. Hakuna atakayelazimishwa kubaki. Ninachotaka kukipima ni mtikisiko, si bahati."

Bi Mwanatatu alimtazama. Moyoni bado alikuwa na shaka, lakini ilikuwa shaka ya namna nyingine sasa, ile ya mtu anayeogopa kutumaini. "Ukikaa ndani, na mimi nitakaa," alisema. "Haiwezekani mgeni akabaki peke yake nyumbani kwangu."

Siku ya jaribio ikafika. Jerioth alishinda timboni tangu asubuhi na mapema, akarudi kwa Bi Mwanatatu buti zimekuwa nyeupe. Aliketi mkekani mkabala na mwenyeji wake, mashine imeshazikwa nje, waya umepitishwa dirishani hadi kwenye kioo chake cha kusomea. Wakangoja. Kikasikika kishindo kidogo, kama mlango uliofungwa kwa nguvu nyumba ya pili. Vumbi halikuanguka. Hata paka hakuamka.

Bi Mwanatatu alicheka, kicheko kikavu. "Hiyo ni baruti ya wageni, mwanangu. Wallahi wamekuchezea."

"Najua," Jerioth alijibu, akivaa buti zake. "Nilitia alama ya chokaa kwenye kila shimo walilolitoboa. Twende ukaone."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Bi Mwanatatu kukanyaga timboni tangu babake afe. Walisimama ukingoni. Chini, sehemu ndogo ya mwamba ilikuwa imemomonyoka; sehemu kubwa ilisimama vile vile, na alama za chokaa zilionekana wazi juu yake. Mpiga baruti, kijana mmoja mrefu kutoka magharibi mwa nchi aitwaye Kefa, alikuwa amevua kofia yake ngumu na kuishika kifuani kama aliye msibani. Meneja, Bwana Bonface, alikuja mbio akitabasamu, shati lake jeupe limepigwa pasi.

"Umeona, madam? Hakuna mtikisiko. Watu hawa wanapenda kulalamika tu."

"Kefa," Jerioth alisema, bila kumjibu meneja, "siku zote huwa unalipua mashimo mangapi kwa mpigo mmoja?"

Kefa alimtazama meneja. Kisha akamtazama Bi Mwanatatu, mama mwenye buibui aliyesimama ukingoni mwa shimo upepo ukimpepea. "Yote, madam," alisema. "Siku zote tunayapiga yote pamoja. Leo niliambiwa nijaze ya pembeni peke yake."

Watu waliowafuata toka mtaani walitazamia mkaguzi apandishe sauti, na wengine walitamani sana apandishe. Hakupandisha. Alimgeukia meneja na kumwambia kwa sauti ya mtu anayepanga safari: "Kesho yatalipuliwa yaliyobaki, kama mlivyozoea, yakiwa yamefunikwa. Mimi nitakaa kwa mwalimu. Na wewe, Bwana Bonface, utakaa nami."

"Mimi? Kazi yangu ni huku, madam."

"Kwa miaka yote hii umekuwa ukisema nyumba zile haziguswi. Ikiwa ni kweli, utakuwa umepumzika kidogo kivulini. Usipokuja, hakutakuwa na mlipuko, na amri ya kufunga inabaki pale pale."

Akaja. Ukweli ni kwamba Bonface hakuwa mtu mbaya. Hilo Bi Mwanatatu mwenyewe husema hadi leo. Alikuwa tu mtu ambaye kishindo alikijua kwa upande mmoja, upande wa ofisini. Alifika na viatu vya kung'aa, akavivua mlangoni, akaketi mkekani miguu hajui aikunje vipi. Bi Mwanatatu alimkaribisha kahawa chungu na kaimati chache, kwa maana mgeni ni mgeni. Meneja alikula kaimati moja, akasifu, akatazama simu yake. Jerioth alikuwa ameketi karibu na dirisha, macho kwenye kioo kidogo cha mashine. Nje mtaa ulikuwa kimya kabisa. Hata kuku walikuwa wamefungiwa.

Halafu ardhi ikainuka.

Haikuwa sauti kwanza. Ilikuwa kama mtu ameushika mkeka kwa chini na kuukung'uta wao wakiwa juu yake. Kisha sauti ikafuata, nzito, ikapita ndani ya kifua cha kila mmoja. Kuta zililia. Vumbi na vipande vya lipu vilimwagika kutoka juu, chupa ya kahawa ikaanguka, na kwenye ukuta wa mashariki ufa uliokuwepo ukafunguka mbele ya macho yao, ukatambaa hadi juu ya dirisha. Bi Mwanatatu alijikuta amesimama, mikono yake imeushika mwimo wa mlango. Na alipotazama chini akamwona meneja wa kampuni, shati lake jeupe limejaa vumbi, ameukumbatia mguu wa mwenyeji wake kwa mikono miwili, macho ameyafumba, akisema kwa lugha ya mamake maneno ambayo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Jerioth alikuwa palepale dirishani. Vumbi lilikuwa limemjaa kichwani, lakini mkono wake haukuondoka kwenye kioo cha mashine. Alisoma kioo hadi mwisho.

"Zaidi ya mara mbili ya kipimo," alisema. Akamgeuzia meneja kioo. "Zaidi ya mara mbili, Bwana Bonface."

Meneja alijiondoa polepole kwenye mguu wa Bi Mwanatatu. Alijaribu kujipangusa, akaacha. "Kila mara huwa hivi?" aliuliza.

"Kila mara," Bi Mwanatatu alimjibu. "Na wewe leo ulijua itakuja. Sisi hatuambiwi."

Akamletea maji. Bonface aliyanywa yote, na alipoondoka alisahau kufunga kamba za viatu.

Baraza lilifanyika juma lililofuata kwenye uwanja wa shule, watu wengi kuliko viti. Chifu alifungua kwa dua, kisha Jerioth akasimama. Hakuwa na maneno ya mzunguko. Upande wa timbo unaotazama nyumba, alisema, hautachimbwa tena. Mashine zitahamia upande wa pili, na ule ukingo utafukiwa na kupandwa miti. Mashimo hayatalipuka tena kwa mpigo mmoja. Yatafuatana, kila moja likipumua kidogo kabla ya mwenzake, ili mwamba uvunjike lakini nyumba zisirushwe. Baruti italia siku zilizotangazwa, kabla ya adhuhuri, wala si Ijumaa, wala si wakati wa mitihani. Siku moja kabla, tangazo litatolewa kwa vipaza sauti vya msikitini na kanisani. King'ora kitalia, bendera nyekundu zitasimama, na mashine ya kupimia itazikwa kwa mwalimu, si ofisini. Ikivuka kipimo hata mara moja, timbo linafungwa. Na nyumba zilizopasuliwa na mtikisiko, kampuni itazitengeneza.

Watu walipiga makofi. Lakini Bwana Abdulghani aliinuka, kanzu yake ikimeremeta kwa pasi. "Sisi tulitaka lifungwe! Kwa nini lisifungwe?"

"Kwa sababu vijana wa mtaa huu wanakula pale," Jerioth alijibu. "Niliwauliza nao pia. Wanataka kazi isiyowaua, wala kuwaua mama zao. Hilo linawezekana."

"Na nyumba yangu ya ghorofa? Imepasuka toka juu hadi chini, nawe hukuitaja."

Jerioth alisita. Ilionekana wazi kwamba hili alitamani asiulizwe mbele za watu. "Niliikagua, mwenyekiti. Nyufa zake ziko upande usioelekea timbo, na zinaanzia kwenye nguzo. Saruji yake ilichanganywa na mchanga wa pwani wenye chumvi. Chuma ndani kimeshika kutu na kufura. Hilo si la baruti. Nakuomba uwahamishe wapangaji wa chini kabla halijatokea jambo. Siwezi kuiandikia kampuni kosa ambalo si lake."

Uwanja ulichafuka. Wengine walizomea, wengine walipaza sauti kwamba walijua tangu mwanzo, ni wale wale, ameshalambishwa. Abdulghani alinyanyua mikono juu kama aliyeshinda. Jerioth alisimama akiwa ameshika ncha ya meza, hakimbii. Na Bi Mwanatatu, akiwa ameketi safu ya mbele, aliona jambo ambalo lilimchoma: mkono ule uliokuwa kwenye kioo cha mashine umeishika meza vile vile, na tena haukuondoka.

Akainuka. Haikuwa rahisi, Abdulghani alikuwa mtoto wa jirani yake, na ndiye aliyelibeba jeneza la mume wake. Lakini aliinuka, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kusema hadharani watu walinyamaza wenyewe.

"Mwanangu Abdulghani," alisema, "siku ile ya mlipuko wa pili, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Kongowea, mama, na shughuli zangu."

"Ulikuwa Kongowea. Huyu alikuwa ndani ya nyumba yangu. Ukuta ulifunguka juu ya kichwa chake, na hakukimbia. Leo unamtaka aseme uongo kwa ajili yetu? Akisema uongo wetu leo, kesho atasema wa kampuni, na mimi nitamwamini vipi? Mimi namtaka hivi hivi alivyo." Akapumua. "Na hao wapangaji wako wahamishe. Mna watoto mle ndani. Mimi nimeshaona jiwe limeanguka mahali pa watoto. Sitaki kuona tena."

Aliketi. Nyamvula akaanza kupiga makofi peke yake, kwa nguvu, mpaka wengine wakaona haya kumwacha peke yake.

Mlipuko wa kwanza wa utaratibu mpya ulitangazwa kwa Jumatano. Jerioth alikuja kuusimamia mwenyewe. Bendera zilisimama, watoto wakaondolewa, king'ora kikalia mara ya kwanza. Kefa alikuwa tayari, mkono karibu na kitufe, anangoja ishara. Hapo ndipo mtu mmoja alipokumbuka kwamba mzee Hassan, mfuga mbuzi, bado yuko shambani kwake, ndani ya mstari wa bendera.

Walimkuta amechutama chini ya banda la makuti, ameshika pembe za mbuzi wake. "Siondoki," alisema. "Anazaa. Ukimhamisha sasa nitapoteza mama na mwana."

Meneja alikuja nyuma yao akitazama saa. "Madam, baruti imeshawekwa. Haiwezi kulala mashimoni. Na malori..."

"Haiwezi kulala, kweli," Jerioth alisema. "Lakini inaweza kungoja." Akawasha redio yake. "Kefa, ondoka kwenye kitufe. Ondoka kabisa, uende ukasimame kwenye bendera. Nikikuhitaji nitakuita." Kisha akamgeukia mzee. "Mzee wangu, tukimpakia kwenye mkokoteni polepole, na wewe ukimshika kichwa?"

Mzee Hassan alimfikiria. "Polepole sana," alisema.

Basi watu wa Kwa Mwinyi Faki waliona siku ile jambo ambalo bado wanasimuliana. Mkokoteni wa maji ulitandikwa magunia, mbuzi akalazwa, mzee Hassan akamshika kichwa na kumsemesha kama binadamu, Bonface akavuta mbele, tai yake imepeperukia begani, na mkaguzi wa serikali akasukuma nyuma, buti zake zikizama mchangani, jasho likimtiririka. Bi Mwanatatu alikwenda pembeni na kanga yake akimfunika mbuzi asipigwe na jua. Kila palipokuwa na bonde Jerioth alisema, "Taratibu, taratibu, mama mjamzito," na wanawake waliokuwa wakiwangoja ng'ambo ya bendera walipiga vigelegele kama wamletao bibi harusi.

Walipovuka bendera, Jerioth alipita kwenye kila nyumba tena, upya, tangu ya kwanza, kana kwamba hakuwa amepita asubuhi. Ndipo akamwita Kefa arudi kwenye kitufe, akainua mkono. King'ora kikalia. Halafu mwamba ukasema, sauti ndefu, laini, kama ngoma zinazopigwa moja baada ya nyingine mbali sana. Bi Mwanatatu, aliyekuwa amesimama kwenye uwanja wa shule katikati ya watoto wake, alingoja ardhi iinuke. Haikuinuka. Mtoto mmoja akamwuliza, "Mwalimu, bado?" naye akasema, "Imeshapita," na ndipo alipogundua kwamba mikono yake haikuwa imeshika kitu.

Mbuzi alizaa mapacha alasiri ile. Mmoja mzee Hassan alimwita Madamu.

Si kwamba mambo yote yalinyooka. Vumbi bado lipo, ingawa sasa njia ya malori inamwagiwa maji. Abdulghani aliwahamisha wapangaji wa chini, akazivunja nguzo akazijenga upya, na hadi leo hataki kulisikia jina la Jerioth. Mara moja kampuni ilijaribu kulipua jioni. Kefa alikataa kubonyeza, na Bonface, badala ya kumfukuza, alimwunga mkono. Nyumba ya Bi Mwanatatu ilitengenezwa ukuta wa mashariki, na bati la chuo likabadilishwa. Jerioth alihamishiwa kaunti nyingine, lakini kabla ya kuondoka alikuja kuaga, na siku hiyo Bi Mwanatatu alimtafutia dafu. Alitembea hadi kwa jamaa zake Utange kulipata. Jerioth alilinywa lote amesimama uani, mama akimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyerudi nyumbani.

Mwaka uliofuata walikuja wanawake kutoka ng'ambo ya Likoni. Kwao pia palikuwa na timbo, na nyufa, na maafisa waliokuja wakaenda. Walisikia habari za mama aliyetandika mkeka barabarani, wakataka awafundishe.

"Mkeka ni rahisi," Bi Mwanatatu aliwaambia, akiwamiminia kahawa. "Nitawaeleza ya mkeka baadaye. Kwanza nitawaeleza namna ya kumjua mkaguzi wa kweli, maana akija mnaweza msimjue. Mimi karibu nimfukuze."

Akavuta kiti karibu, akaanza na tuktuk.